Kuishi Kibaha, Kufanya Kazi Dar: Hesabu Ambazo Dalali Hakuambii

Dalali akikuambia kiwanja kiko "Kibaha, dakika tano tu kutoka lami", muulize maswali matatu kabla hujapanda bodaboda yake: lami ipi, dakika tano za mguu au za pikipiki, na ukishafika hiyo lami unapandia gari kituo gani. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama utaishi Kibaha au utakuwa unakuja kulala tu. Sisi wa huku tumeona watu wengi wakijenga nyumba nzuri, wakihamia kwa furaha, halafu mwaka haujaisha wanaipangisha na kurudi kupanga vyumba Sinza. Nyumba haikuwa na kosa lolote. Walishindwa na hesabu ambazo hawakuzifanya mapema, nami nataka kuzieleza moja moja kwa yeyote anayefikiria kuhamia.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Jina hilo moja linabeba halmashauri mbili. Ya mjini ina Maili Moja, Tumbi, Kongowe, Visiga na vitongoji vyake. Ya wilaya ina makao yake Mlandizi na inashika Ruvu, Soga, Kwala na Magindu. Ukinunua ardhi, lazima ujue uko upande upi, kwa sababu faili lako litakuwa kwenye ofisi ya ardhi ya upande huo. Ongeza na Kiluvya: kuna Kiluvya iliyo ndani ya Dar es Salaam, upande wa Kibamba, na kuna Kata ya Kiluvya iliyo Wilaya ya Kisarawe. Mtu anaweza kuishi miaka miwili hajui kodi ya ardhi yake inalipwa wapi. Halafu kuna Kongowe mbili, hii ya Kibaha na ile ya Mbagala kwenye Barabara ya Kilwa. Ukimwagiza fundi au mzigo "Kongowe" bila kutaja ya wapi, usishangae Fuso la mchanga likikupigia simu liko upande mwingine wa mji.

Tuje kwenye ardhi yenyewe. Kosa la kwanza ni kununua kwa hatua. Muuzaji anasema "ishirini kwa ishirini", anatembea, mnaweka vijiti, mnapeana mikono. Hatua ya mtu wa kawaida ni sentimita 75 hivi. Ishirini zake ni mita 15, kwa hiyo umepata mita za mraba 225 ukidhani umelipia 400. Nenda na futi kamba ya mita 50, inauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kosa la pili ni kuamini barua ya serikali ya mtaa peke yake. Barua ile inasema muuzaji anafahamika pale. Haisemi kwamba eneo hilo kwenye mchoro wa mipango miji halijachorwa kuwa shule, soko au barabara. Omba namba ya kitalu na ya kiwanja, peleka ofisi ya ardhi, fanya upekuzi rasmi, na umlipe mpima aliyesajiliwa aje kuonyesha bikoni (alama za mipaka) zilipo. Kama ardhi ni ya urithi, na nyingi za huku ni za urithi, usitoe hata senti kabla ya kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe. Kesi nyingi tunazozijua za viwanja zilianzia hapo: kaka mkubwa ameuza, wadogo zake wanarudi na panga na karatasi.

Halafu tazama kinachopita karibu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, iliyohesabiwa mita 121 kila upande. Baadhi ya wenye nyumba hizo walikuwa na umeme, maji na risiti za kodi. Huku kwetu uliza pia kuhusu nguzo kubwa za umeme, mabomba makuu ya maji, na njia ya barabara ya kulipia inayopangwa kutoka Kibaha kwenda Chalinze. Kiwanja cha bei rahisi kilicho pembeni ya vitu hivyo kina sababu ya kuwa rahisi.

Sasa usafiri. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa kuwa njia nane, na ukweli ni kwamba imetusaidia sana. Lakini upanuzi ulihamisha foleni, haukuiondoa. Ukitoka Maili Moja saa 10:30 alfajiri, unafika Kimara kabla hujamaliza usingizi wako wa kwenye kiti. Ukitoka saa 12:30 asubuhi, magari ya Kibamba, Mbezi na Temboni yote yamekwisha kuingia barabarani, na safari ile ile inachukua mara mbili. Tofauti ya saa mbili kitandani unailipa kwa kusimama. Ndiyo maana Maili Moja saa 11 alfajiri panachangamka kama soko: chai ya rangi, chapati, mihogo ya kukaanga, wanafunzi wa shule za Dar na sare zao, mafundi na mifuko ya vifaa.

Nauli usiihesabu kama safari moja, ihesabu kwa vipande. Kipande cha kwanza ni bodaboda au bajaji kutoka nyumbani hadi lami. Cha pili ni daladala kutoka lami hadi Mbezi au Kimara. Cha tatu ni mwendokasi kutoka Kimara kwenda Posta, Gerezani au Morocco. Vitatu kwenda, vitatu kurudi, siku 26 za kazi: unatoa pesa mfukoni mara 156 kwa mwezi. Kipande kinachoumiza ni cha kwanza, kwa sababu hakina nauli elekezi. Mvua ikinyesha bodaboda anapandisha, usiku anapandisha, ukiwa na mzigo anapandisha. Nyumba iliyo kilomita moja kutoka lami na iliyo kilomita nne zinaweza kuwa na bei ya kiwanja inayotofautiana nusu kwa nusu. Lakini chukua tofauti ya nauli ya pikipiki, zidisha mara 52 kwa mwezi, kisha mara 12, uone ni miaka mingapi tu inapita kabla kiwanja cha mbali hakijawa ghali kuliko cha karibu.

Jioni tatizo ni jingine, ni kukatisha ruti. Gari lina maandishi ya Kibaha ubavuni, likifika Mbezi kondakta anasema "mwisho hapa", anageuza kufuata abiria wengi. Uliza kabla ya kupanda, "mpaka Maili Moja?", na ulipe ukishavuka Mbezi. Kwa wanaosafiri mikoani, maisha yalirahisika tangu Februari 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilipozinduliwa Mbezi Luis. Zamani mtu wa Kibaha alikuwa akienda Ubungo kupanda basi la Dodoma, halafu linampitisha mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Maji nitayakalia kidogo, kwa sababu ndiyo yanayowashangaza wageni kuliko kitu kingine. Mtambo wa Ruvu Juu uko hapa Mlandizi. Ulijengwa 1959, na baada ya kupanuliwa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Mwenzake, Ruvu Chini ulio upande wa Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270. Dar es Salaam inakunywa Pwani. Mtu anaona bomba kubwa linapita karibu na uwanja wake anadhani maji atayapata kesho. Bomba lile ni la kusafirisha, linakimbilia matangi ya Kibamba na Kimara, na nyumba haiungwi humo. Unahitaji bomba la usambazaji lifike mtaani kwako, na kiwanja chako kisiwe juu kuliko msukumo wa maji unavyoweza kupanda. Kibaha ina vilima. Jirani aliye bondeni anaoga kwa bomba la mvua na wewe wa mlimani unapata maji saa 8 usiku kwa ujazo wa kamba ya kiatu. Kabla ya kununua, nenda kwa majirani watatu walio kwenye mwinuko sawa na wako, uwaulize: maji yanatoka siku gani, saa ngapi, na Oktoba iliyopita ilikuwaje.

Oktoba nimeitaja kwa makusudi. Mto Ruvu unategemea milima ya Uluguru, na kiangazi kikirefuka kina kinashuka. Mwishoni mwa 2022 mgawo wa maji ulikuwa mkali Dar na huku Pwani. Umeme ukikatika mitamboni, maji nayo yanakatika. Kwa hiyo kila nyumba ya Kibaha ijengwe ikiwa na akiba.

Familia ya watu watano inayojibana hutumia madumu 12 ya lita 20 kwa siku, yaani lita 240. Tanki la lita 5,000 litawafikisha siku 20. La lita 1,000, ambalo wengi huanza nalo, ni siku nne. Paa nalo lifanye kazi: kila mita ya mraba ya bati ikipata milimita moja ya mvua inakupa lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida kabisa wakati wa masika, ni lita 1,000. Toa zinazomwagika na kuruka, shika 800. Fungia michirizi pande zote, acha mvua ya dakika kumi za mwanzo ioshe bati na kumwagika nje, weka wavu mdomoni mwa tanki.

Lita 5,000 za maji ni tani tano. Tumeona minara ya mbao ikilala chini pamoja na tanki, na tumeona tanki limepasuka kitako kwa kuwa liliwekwa juu ya mabanzi yenye nafasi katikati. Kitako cha tanki la plastiki kikae chote juu ya zege tambarare. Na usijidanganye kwamba mnara wa mita tatu utakupa maji yenye nguvu bafuni: kila mita 10 za kimo ndizo zinazokupa baa moja (kipimo cha msukumo wa maji), kwa hiyo mita tatu hazifiki hata theluthi ya baa.

Uhaba wa maji unaingia mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Tofali la mchanga na saruji linataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kama maji yanakuja kwa boza, fundi anamwagia siku mbili, anapanga. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 30 hivi ya inchi 6, uko salama. Ukimsikia mtu anajisifu kutoa 45, chukua tofali lake lidondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, litakujibu. Udongo wa maeneo mengi ya Kibaha ni wa kichanga na ni rafiki kwa msingi, lakini mabondeni kuna mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ukiona nyufa zinazoingia vidole ardhini mwezi wa tisa, nondo na kina cha msingi si mahali pa kubana matumizi. Mchwa ni wengi mno. Dawa ipigwe kwenye kifusi kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), na mbao za paa zipakwe kabla ya kupanda juu. Ukisubiri uone vichuguu ukutani, umechelewa.

Biashara. Hapa ndipo nina maoni makali kidogo. Kibaha ni miji miwili inayopokezana. Mji wa mchana ni wa watumishi wa ofisi za mkoa na halmashauri, wanafunzi, wagonjwa na ndugu zao Tumbi, na vibarua wa viwanda vya TAMCO, Visiga na Zegereni. Mji huu ni wa siku nyingi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza miaka ya 1960 kama mradi wa nchi za Nordiki uliounganisha shule, afya na kilimo mahali pamoja, na hospitali ya Tumbi na Shule ya Sekondari Kibaha vimetokana nao. Mji wa usiku ni wa wanaorudi kutoka Dar. Anayefungua duka kwenye mtaa wa makazi na kukaa nalo kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni anawauzia watoto pipi. Wenye mtaa wako Posta. Wanashuka garini kuanzia saa 1 usiku, wamechoka, wanataka mboga iliyokwisha kukatwa, maharage ya kuchemsha, mkaa wa kupima, gesi, na vocha. Funga saa 5 usiku na ufungue saa 10 alfajiri, lala mchana. Ukitaka wateja wa mchana, ufuate mji wa mchana ulipo: chakula nje ya lango la kiwanda dakika kumi kabla ya zamu kutoka, kiwe kimepakuliwa tayari, maana muda wao wa kula ni mfupi.

Bidhaa nyepesi za Kariakoo, kama nguo na vyombo, usishindane nazo. Mteja wako yuko Kariakoo kila siku na atanunua huko. Vitu vizito ndivyo vinavyolipa: saruji, nondo, bati, matofali, chakula cha kuku. Hakuna anayebeba mfuko wa kilo 50 kwenye mwendokasi. Mkiwa wawili au watatu wenye maduka, changieni kirikuu kimoja kutoka mjini, na mzigo uondoke usiku.

Kuku ndio shughuli ya nyumbani inayofaa mji huu kuliko nyingine zote, kwa sababu ardhi ipo na soko liko barabarani. Kuku 100 wa nyama wanataka banda la mita za mraba 10. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 34. Kama huna kipimajoto, tazama vifaranga: wakirundikana katikati ni baridi, wakikimbilia pembeni wakihema ni joto, wakitawanyika wakila wako sawa. Kwa siku 35 watakula mifuko sita hadi saba ya kilo 50, na chakula ndicho gharama kubwa, kwa hiyo kiwepo chote au pesa yake iwepo kabla kifaranga hakijaingia bandani. Anayeishiwa wiki ya nne anauza kuku wadogo kwa hasara.

Chanjo ya kideri (Newcastle) siku ya 7, ya ugonjwa wa Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Wengi wanaharibu hapa kwa sababu ya maji yale yale ya Ruvu. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo. Kuku wanakunywa, wewe unatia tiki kwenye daftari, na wiki ya nne wanakufa wote. Tumia maji ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo isiyo na kifuniko, ukoroge na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, kabla ya kutia chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, wayamalize ya chanjo ndani ya saa mbili. Kwa kuku wa kienyeji kuna TEMEVAC, chanjo ya kideri inayostahimili joto, na inatengenezwa hapa hapa Kibaha kwenye taasisi ya chanjo ya mifugo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

Kuwapeleka kuku kwenye masoko ya Shekilango au Kisutu, Dar, kunataka mpango. Ondoa chakula muda wa saa nane kabla ya kupakia, acha maji. Kreti moja ibebe kuku 10 hadi 12 wa kilo mbili, wasizidi. Pakia saa 8 usiku, utoke saa 9. Gari lililokamatwa na foleni Kibamba saa 2 asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma, litafika na kreti za katikati zimekufa, kwa sababu katikati ndiko hewa haifiki. Ukichelewa kupakia, ahirisha mpaka usiku unaofuata. Mfuko mmoja wa chakula wa ziada ni nafuu. Na usiingize vifaranga mwezi wa kumi na moja eti watoke sikukuu. Kila mtu anafanya hivyo, bei inashuka, na watakaobaki utawauza Januari, mwezi wa ada.

Siku hizi madalali wanahamishia wateja Kwala na Soga, na wanataja reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa ili makontena yatolewe bandarini Dar kwa treni. Ni mambo makubwa na yatabadilisha upande ule. Lakini reli haipiti Maili Moja wala Mlandizi mjini. Kituo cha Soga kiko ndani, kusini mwa barabara kuu, na treni inafuata ratiba, haikusubiri kama daladala. Kabla ya kununua Soga kwa ajili ya kufanya kazi Dar, chukua ratiba ya wiki nzima, uone kama kuna treni itakayokufikisha kazini kwa wakati na itakayokurudisha siku hiyo hiyo, kisha uhesabu pikipiki ya kutoka kituoni hadi kiwanjani. Kwala ni ya malori, maghala na gereji. Kama unataka kuuza matairi, kupika kwa madereva au kukodisha uwanja wa kuegesha, tazama karibu na njia ya malori. Kama unataka kulea watoto, tafuta mbali na vumbi lile. Na kiwanja cha upande huo kikague Aprili, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, kwa bodaboda, ukiwa umevaa mabuti. Pale pikipiki itakapozama ndipo lori lako la matofali litakapozama.